Risasi za fezanti kwa mwindaji wa kanga

Swali: Shikamoo mzee. Nipo Ilemela, Mwanza, nafanya biashara ya minofu ya sangara. Mteja wetu wa Uingereza amenialika mwezi Novemba nikawinde naye ndege wanaoitwa fezanti, huko kaunti ya Norfolk. Itakuwa mara yangu ya kwanza. Bunduki atanipa yeye, geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) ya mitutu miwili, ila risasi amesema nichague mwenyewe, yeye atazinunua. Hapa nyumbani nawinda kanga na kwale kwa kibali, Misungwi na Magu, kwa bunduki ya marehemu baba ambayo nimeshahamishiwa umiliki. Jamaa zangu wananishauri nichukue namba 4, gramu 36, kwa kuwa ndege wa Ulaya ana manyoya mazito na anaruka juu sana. Je, wako sahihi? Na nifanye mazoezi gani kabla ya kuondoka?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hawako sahihi. Mwambie mwenyeji wako akununulie namba 6 ya Kiingereza, gramu 30, yenye kizibo cha nyuzi, ikiwa shamba lake bado linaruhusu madini ya risasi. Kama haliruhusu, basi namba 4 ya chuma, gramu 28 hadi 32. Ukiwa na haraka, jibu ni hilo. Lakini ukilichukua hivihivi utakuwa umebadilisha tu mtu wa kumwamini, kutoka kwa jamaa zako kuja kwangu, na siku ukipewa bunduki nyingine utabaki huna la kusema. Nimebeba bunduki ya marisau kandokando ya ziwa hili zaidi ya miaka arobaini, nimealikwa kwenye mashamba ya Uingereza mara tatu, na kosa hilo unaloshauriwa ulifanye niliwahi kulifanya. Nitakueleza.

Tuelewane maneno kwanza. Kiswahili kinaita risasi yale madini mazito ya kijivu ambayo wavuvi wetu huyafanyia chubwi za nyavu, na kinaita risasi kile kitu kizima unachokipakia kwenye bunduki. Hapa nitasema risasi kwa maana ya kitu kizima: ganda, fataki kwenye kitako chake, baruti, kizibo kinachotenga baruti na marisau, kisha marisau yenyewe, yaani zile chembe ndogo za duara. Nikitaka kusema madini, nitasema madini ya risasi.

Sasa namba. Namba ikipanda, chembe inapungua. Namba 4 ya Kiingereza ina kipenyo cha milimita 3.1, namba 5 milimita 2.8, namba 6 milimita 2.6, namba 7 milimita 2.4. Ila kila nchi ina hesabu yake. Namba 6 ya Marekani ni milimita 2.8, yaani ni namba 5 ya Mwingereza. Namba 6 ya Kiitaliano ni 2.7. Namba 4 ya Marekani inafika 3.3. Kwa hiyo mtu akikwambia "chukua namba fulani" bila kukuambia ya nchi gani, hajakuambia kitu. Risasi tunazozipata huku zinatoka nchi mbalimbali, na nimeona watu wawili wakibishana jioni nzima kuhusu namba 5 kumbe kila mmoja anazungumzia chembe tofauti. Soma milimita kwenye boksi. Milimita ni zilezile popote.

Gramu ni uzito wa marisau yote yaliyomo ndani ya risasi moja, wala si uzito wa baruti. Gramu nyingi zaidi maana yake ni chembe nyingi zaidi, kama ukubwa wa chembe haujabadilika. Hapo ndipo ushauri wa jamaa zako unapovunjika, na nataka ufuate hesabu hii kwa makini.

Risasi ya gramu 30 namba 6 ina chembe kama 286. Ile ya gramu 36 namba 4 ina chembe kama 216. Umeongeza gramu sita, umepoteza chembe sabini. Watengeneza bunduki hupima mtawanyiko kwa duara la kipenyo cha inchi 30, yaani sentimita 76, likiwekwa umbali wa yadi 40, ambayo ni mita 36 na nusu. Mtutu ambao mdomo wake umebanwa kidogo tu, choki ile wanayoiita ya robo au pungufu, hupeleka karibu nusu ya chembe ndani ya duara hilo. Nusu ya 286 ni 143. Nusu ya 216 ni 108. Wawindaji wa fezanti tangu zamani wanasema duara lile likiwa na chembe zisizopungua 120, ndege hana tundu la kupita katikati yake. Namba 6 ya gramu 30 inavuka kiwango hicho. Namba 4 ya gramu 36, yenye bei kubwa na teke kubwa begani, haikifikii.

Utaniuliza: si kila chembe ya namba 4 ina nguvu zaidi? Ndiyo, ni kubwa na inahifadhi mwendo wake mbali zaidi. Lakini chembe isiyomgusa ndege haina nguvu yoyote, na chembe moja nzito ikimgusa tumboni au kwenye paja haimwangushi. Inamtuma akafie mbali. Ndege huanguka amekufa pale anapopigwa kichwani, shingoni, au anapopata chembe kadhaa kwa mara moja kwenye sehemu za uhai na kwenye bawa. Hiyo inataka wingi.

Niliwahi kununua risasi nzito kwa sababu zilezile ulizopewa wewe. Ilikuwa kiangazi, upande wa Magu, mtama umeshavunwa na mabua yamelala. Kanga waliinuka mbali, hatua hamsini au zaidi. Siku nyingine zote ningewaacha. Siku hiyo nilikuwa na gramu 36 mtutuni na nikajiambia hizi zitafika. Nikafyatua, manyoya yakatoka, kanga akayumba, akaendelea. Nilitafuta hadi giza likaingia. Siku mbili baadaye watoto wanaochunga ng'ombe walimkuta chini ya kichaka, bawa limevunjika, bado hai. Waliniletea nyumbani. Sijasahau jicho la ndege yule, na tangu siku hiyo sinunui risasi kwa ajili ya umbali. Risasi nzito haikumfanya kanga awe karibu. Ilinifanya mimi nijaribu kitu nisichopaswa kujaribu.

Turudi kwa fezanti mwenyewe. Kwa mwili si mgeni kwako. Jogoo lake lina kilo moja na robo hivi hadi moja na nusu, jike karibu kilo moja. Kanga wetu ni kilo moja na robo au zaidi kidogo. Ni ndege wa ardhini kama kanga, anapenda kukimbia kuliko kuruka, na asili yake ni Asia, Uingereza aliletwa. Kinachotofautiana ni namna utakavyokutana naye. Wewe unamwendea kanga kwa miguu, anainuka mbele yako, anakukimbia huku amekupa mgongo na makalio. Chembe inalazimika kupita kwenye firigisi na matumbo ndipo ifike moyoni. Kwa kanga wa namna hiyo namba 5 ya Kiingereza, hata namba 4 kwa mtu anayejua umbali wake, ina maana. Huko Norfolk utasimama mahali pamoja, na watu wenye fimbo na mbwa watapita msituni wakiwainua ndege waje kwako. Fezanti atakuja kutoka mbele, atapita juu ya kichwa chako. Atakuwa amekuonyesha kichwa, shingo, kifua na mabawa yaliyofunguka. Hakuna haja ya chembe kubwa ya kutoboa safari ndefu. Kwa hiyo wanaokutisha na manyoya mazito wanafikiria kanga aliyegeuka mgongo.

Na anaruka juu kiasi gani? Norfolk ni tambarare, haina mabonde yenye kina kama ya Wales au Devon ambako ndege hupita juu mno na watu hutumia risasi za aina nyingine. Fezanti mzuri wa Norfolk hupita mita 20 hadi 30. Fikiria nguzo za umeme za mtaani kwako, zikibebana mbili hadi tatu. Ukiwa umesimama chini, urefu huo unaonekana mkubwa kupita kawaida, kwa sababu hatujazoea kupima umbali wa kwenda juu. Ukiona anafanana na njiwa kwa udogo, mwache apite.

Yupo pia mtu atakayekuambia uchukue risasi "ya kasi". Fezanti aliyekwisha kupata mwendo huenda kama kilomita 60 kwa saa. Marisau huchukua karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde kufika mita 30, na muda huo ndege amesogea zaidi ya mita moja na nusu. Risasi ya kasi zaidi inakupunguzia hapo kama upana wa kiganja. Mita moja na nusu inayobaki ni ya mikono yako. Utaipata kwa kuanza nyuma ya ndege, mtutu upite mkiani, mwilini, mdomoni, ufyatue ukiwa umeshampita na mikono bado inaendelea kwenda. Anayesimamisha bunduki wakati wa kufyatua hupiga nyuma kila mara, hata awe na risasi ya dhahabu.

Kuhusu teke: Waingereza wana kanuni ya zamani kwamba bunduki iwe na uzito wa mara 96 ya marisau inayoyatoa, la sivyo itamwumiza mpigaji. Gramu 30 mara 96 ni karibu kilo 2.9. Gramu 36 ni karibu kilo 3.5. Bunduki nyingi za Kiingereza zenye mitutu iliyolala ubavu kwa ubavu zina kilo 3 hivi. Siku ya fezanti unaweza kufyatua mara sitini au themanini. Ukitumia gramu 36, ikifika saa sita mchana utakuwa unafumba macho kabla hujavuta, bila kujijua. Ukiona bega lako ni jepesi, gramu 28 inatosha kabisa. Ina chembe 270 za namba 6 na imewaangusha fezanti wengi kuliko risasi zote kubwa za maduka. Kama mwaliko ungekuwa Januari, majogoo yamekomaa na upepo mkali, ningekubali namba 5. Novemba hapana.

Sasa suala la madini, ambalo huku kwetu halizungumzwi inavyostahili.

Umeshachinja kuku, unajua kwenye firigisi kuna changarawe. Ndege hana meno, humeza vijiwe ili vimsagie chakula. Bata na ndege wengine wa majini hutafuta vijiwe hivyo kwenye tope, na chembe ya marisau iliyodondoka kwenye tope inafanana na kijiwe. Akiimeza, firigisi inaisaga, sumu inaingia kwenye damu, anakonda na kufa. Chembe chache tu zinatosha. England walipiga marufuku madini ya risasi kwa bata, mabatabukini na kwenye fukwe tangu 1999. Umoja wa Ulaya umeyazuia kwenye maeneo oevu yote tangu Februari 2023. Kwa fezanti wa nchi kavu Uingereza bado iko njiani: mwaka 2020 vyama vya wawindaji wenyewe vilikubaliana kuyaacha kwa hiari ndani ya miaka mitano, na mwaka 2025 serikali ikatangaza kuyapiga marufuku baada ya kipindi cha mpito cha miaka mitatu. Mashamba mengi hayakungoja. Na wanunuzi wengi wa nyama ya ndege hawa hawataki tena iliyopigwa kwa madini ya risasi. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza mwenyeji wako ni hili: shambani kwako mnatumia madini gani? Na kama siku hiyo kutakuwa na bwawa na bata watapita, hakuna mjadala, ni chuma au madini mengine yasiyo na sumu.

Chuma ni chepesi kuliko madini ya risasi: sentimita moja ya ujazo ya madini ya risasi ina gramu 11 na zaidi, ya chuma haifiki 8. Ndiyo maana unaongeza ukubwa wa chembe kwa namba mbili, kutoka 6 kwenda 4. Chembe ya chuma ya milimita 3.1 ina uzito ulio kati ya namba 6 na namba 5 za madini ya risasi, na gramu 28 zake zinakupa chembe kama 230. Hazitawanyiki sana, zinakwenda kwa mkusanyiko, kwa hiyo choki ya robo inatosha. Lakini chuma ni kigumu, hakibonyei kama madini ya risasi. Hakifai kwenye mtutu mwembamba wa zamani, na lazima kiwe ndani ya kikombe kinachokinga ukuta wa mtutu. Zipo risasi za chuma za kawaida ambazo bunduki nyingi za kisasa zinazihimili, na zipo za nguvu kubwa ambazo zinataka bunduki yenye muhuri wa majaribio wenye umbo la ua la yungiyungi. Hilo mwenyeji wako atalijua kuhusu bunduki yake, wewe uliza tu. Ikiwa bunduki atakayokupa ni ya babu yake na haifai kwa chuma, yapo marisau ya bismuthi. Ni laini karibu kama madini ya risasi na mazito kuliko chuma. Bei yake ni kali, ila kwa siku moja mtu anaweza kuvumilia. Na ukila fezanti aliyepigwa kwa chuma, tafuna taratibu.

Kizibo: mashamba mengi ya Uingereza hayataki cha plastiki. Kinadondoka kwenye nyasi na ng'ombe na kondoo wanakila. Cha nyuzi huoza. Kwa chuma siku hizi vipo vikombe vinavyooza pia, na hivyo ndivyo mwenyeji wako atakavyotaka.

Sasa nisikilize kwa makini kwa jambo la urefu, maana hili linahusu vidole na macho yako, na linahusu zaidi bunduki ya marehemu baba utakayofanyia mazoezi hapa. Kila mtutu una chemba, sehemu ya nyuma inayopokea risasi, na chemba ina urefu wake: milimita 65 kwa bunduki nyingi za zamani za Kiingereza, 70 kwa nyingi za kisasa, 76 kwa zile za nguvu zaidi. Risasi nayo imeandikwa urefu, lakini urefu huo ni wa ganda likiwa limeshafyatuliwa na mdomo wake umefunguka. Kabla ya kufyatuliwa mdomo umekunjwa, na risasi ya milimita 70 inakuwa fupi chini ya 60. Maana yake inaingia vizuri kabisa kwenye chemba ya 65. Hutaona tatizo lolote. Ukifyatua, mdomo unafunguka mahali ambapo mtutu unaanza kubana, shinikizo linapanda, na bunduki nyembamba ya miaka mingi inaweza kukuharibikia mkononi. "Imeingia" si kipimo. Fungua bunduki ya baba, ondoa mitutu, tazama maandishi kwenye sehemu bapa chini ya chemba. Ukiona 65 au 2½, tumia risasi iliyoandikwa 65 au ile ambayo kiwanda kimeandika wazi kwenye boksi kwamba inafaa kwa chemba hiyo. Usipoona kitu, mpelekee fundi bunduki mwenye leseni apime kabla hujafyatua hata moja.

Na jingine la kuua: usichanganye geji. Risasi ya geji 20 ni nyembamba kuliko ya 12. Ikiingia kwenye bunduki ya geji 12 inateleza mbele na kukwama mwanzoni mwa mtutu. Mtu anavuta, kimya, anafungua, anaona chemba tupu, anapakia ya geji 12 nyuma yake. Hapo mtutu unapasuka. Ndiyo sababu viwanda huyatengeneza maganda ya geji 20 kwa rangi ya njano. Shambani kutakuwa na watu wenye geji 20. Usikubali kujaziwa mfuko na mtu mwingine bila kutazama, na kabla hujaingia uwanjani kung'uta mifuko yote ya koti la kuazima.

Mazoezi. Umiliki wa silaha hauna maana ya ruhusa ya kufyatua popote, kwa hiyo malizana kwanza na polisi wa wilaya na serikali ya kijiji utakakokwenda. Halafu chagua mahali pa udongo. Sisi wa Mwanza tunaishi juu ya mawe, na jiwe la matale hurudisha marisau. Chuma hurudi vibaya zaidi. Kichuguu kikubwa ndicho ukuta bora. Chembe za namba 6 zinaweza kusafiri zaidi ya mita 200, basi nyuma ya kichuguu kusiwe na njia, mifugo wala shamba lenye watu.

Chukua maboksi makubwa ya friji, yafungue, yasimamishe mbele ya kichuguu. Pima hatua ndefu 36. Weka alama katikati ya boksi, fyatua mara moja. Kisha funga mkaa kwenye kamba ya sentimita 38, tafuta pale chembe zilipokusanyika zaidi, zungusha duara, hesabu matundu. Boksi jipya kwa kila risasi, mara tano kwa kila mtutu. Usipofanya hivi utaendelea kuishi kwa maneno ya watu, yakiwemo yangu. Ukipata matundu 140 ukiwa hatua 36, umejua bunduki yako inafika wapi. Ukipata 90, sogea karibu hadi hatua 30 ujaribu tena, na huo ndio mwisho wako kwa kanga pia.

Kumfuata ndege hakuhitaji bunduki. Jioni yangeyange wanaporudi kulala kandokando ya ziwa hupita kwa makundi juu ya nyumba, urefu ambao haupishani sana na fezanti wa Norfolk. Simama uani, nyoosha kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, anza nyuma ya mmoja, mpite mdomo, sema "sasa" bila kusimamisha mkono. Fanya dakika kumi kila jioni. Sogeza miguu, zungusha kiuno, uzito wote uende kwenye mguu wa mbele. Kanga wamekuzoesha kupiga mbele ya kifua. Shingo na mgongo wako havijui kupiga juu, na mwezi mmoja wa yangeyange utakusaidia kuliko boksi lolote la risasi.

Siku yenyewe haina mambo mengi. Mtasimama kwenye mstari, kila mtu kwenye kigingi chake, kwa kawaida watu wanane, na mtabadilishana nafasi. Piga tu ndege ambaye nyuma yake kuna anga. Ukiona miti au kilima nyuma yake, acha, kuna watu wanatembea humo. Usifuatishe mtutu kuvuka mstari wa wenzako. Honi ikilia, fungua bunduki, toa risasi, hata kama ndege mzuri kuliko wote anakuja. Ukimgusa ndege akayumba, mtutu wa pili ni wa huyohuyo, si wa mwingine. Akidondoka hai mbali, kumbuka mahali na umwambie mwenye mbwa mara tu awamu ikiisha. Risasi 150 zitakutosha. Mwombe mwenyeji anunue 200 za aina moja, usichanganye.

Msimu wao England ni 1 Oktoba hadi 1 Februari, na hawapigi Jumapili wala Krismasi. Mgeni kutumia bunduki ya kuazima mbele ya mwenye cheti cha bunduki, kwenye ardhi binafsi, sheria yao inaruhusu kwa masharti. Mwenyeji wako athibitishe masharti hayo na polisi wa kwake mapema. Risasi hutauziwa dukani bila cheti au kibali cha mgeni, kwa hiyo amefanya vizuri kusema atanunua yeye.

Usibebe hata risasi moja kutoka hapa. Usiku kabla ya safari chukua lile koti, begi na suruali unazovaa Misungwi, pindua mifuko yote nje, pekua na bitana iliyochanika. Risasi moja iliyosahaulika chini ya mfuko ikionekana kwenye mashine ya ukaguzi uwanja wa ndege, safari yako itaishia pale, na utaeleza hadi ndege iondoke. Mimi hutumia koti ambalo halijawahi kwenda porini.